Alhamisi Iliyobaki Ndani

Alhamisi aliyoondoka Zénon, kifua kilimbana akifundisha kompyuta nyumbani kwake. Watu walimpandisha kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabarani, kisha gari likampeleka hospitali Lilongwe. Akipitishwa mlangoni alimwambia mkewe Rosalie amwekee sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakurudi kuila.

Rosalie, mshonaji kutoka Bukavu, alibaki na neno hilo moja. Matanga yalipokwisha, Charlène akaja kuulizia kompyuta.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa Zénon pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi. Wanafunzi walikuwa wanne na kompyuta moja, hivyo Zénon akatengeneza ndani yake kompyuta nyingine nne za programu tu, kila moja na dirisha lake, na kila mwanafunzi na neno lake la siri. Mmoja akiharibu ya kwake, za wenzake zinabaki salama. Rosalie naye aliwahi kuambiwa atengenezewe yake, akacheka, akasema cherehani inamtosha. Tangu hapo, kila Charlène alipocheka darasani, nyuma ya pazia lililogawa nyumba, mguu wa Rosalie uliongeza nguvu kwenye cherehani.

Charlène akaketi kwenye kiti chake cha siku za masomo. Akaeleza kwamba siku ile hakuizima kompyuta yake ya ndani. Aliisimamisha tu, kama mtu anavyosimamisha wimbo. Akaandika neno la siri huku bega lake likifunika vidole. Dirisha likafunguka. Saa ya humo ilikuwa bado kwenye Alhamisi ile, na chini ya kazi yake Zénon alikuwa ameandika: “Endelea hapa. Nikirudi nitasahihisha.”

Rosalie alisoma mara mbili. Yeye aliachiwa sombe. Huyu msichana aliachiwa “nikirudi”.

“Zima,” akasema.

“Maman, nikizima bila kuhifadhi, haya maneno yanapotea.”

“Njo nataka yapotee. Zima.”

Charlène akazima. Rosalie alingoja moyo utulie, wala haukutulia. Akataka kompyuta ile iwashwe tena. Dirisha likaja tupu, na tarehe ya leo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba alichokifuta hakikuwa cha Charlène, kilikuwa mkono wa mumewe. Akakalia ndoo ya maji iliyofunikwa, akalia kimya, leso mdomoni. Alipomaliza akauliza kama hakuna njia.

“Papa Zénon alitukataza kuinuka kwenye kiti bila kupiga picha ya mashine, sababu ya courant,” Charlène akasema. “Nilipiga ile siku, wakati bantu balikuwa banamubeba.”

Umeme wa Dzaleka huenda bila kuaga, na picha hiyo si ya kamera. Ni hali nzima ya kompyuta ya ndani, iliyowekwa kando ili mtu aweze kuirudia. Charlène alibonyeza, wakangoja kidogo, Alhamisi ikarudi na maneno yake yote.

“Ulijua, ukaniacha nilie?”

“Ulisema nizime, maman. Nilizima.”

Rosalie aliomba neno la siri. Charlène akajibu kwa heshima kwamba atakuwa anakuja kufungua mwenyewe.

Ndivyo ilivyo sasa. Kompyuta inakaa kwa Rosalie, chini ya vitambaa. Charlène amepata kazi Area 47, mtaa wa Lilongwe, na Jumamosi anapanda gari kuja Dzaleka. Anaifungua, wanasoma, kisha anairudisha kwenye picha ileile. Neno la siri bado analo yeye.