Kijiko cha Kuonjea

Mwezi ule wa Novemba 1994, duka la Annick ndilo pekee upande ule wa Remera lililouza kitu cha baridi. Umeme ulikuwa haujarudi mtaani tangu vita viishe Julai. Mashine yake ya aiskrimu ilizungushwa na jenereta iliyofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na siku dizeli ikikosekana duka halikufunguliwa. Matundu ya risasi ukutani yalikuwa yamezibwa kwa saruji lakini hayajapakwa rangi. Juu ya saruji hiyo Annick aliandika kwa chaki ladha za siku: maziwa, marakuja, yaani pasheni, na matunda damu.

Bayingana alimshusha mpwa wake kutoka mgongoni walipofika mlangoni. Kaliza alikuwa na miaka minane na uzito wa mtoto wa miaka mitano. Miguu yake ilikuwa imevimba hata ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Asubuhi ile daktari alikuwa amelitazama shimo hilo na kusema bila kuzunguka: asipoanza kula maziwa, dagaa au maharage, Jumatatu atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani.

"Atapigana na mpira," daktari aliongeza. "Na kwa nguvu alizobakiwa nazo, sina hakika kama moyo wake utastahimili."

Bayingana alikuwa mpima ardhi. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, akaja Rwanda mwezi wa Agosti, na aliamini mambo yanayoweza kupimwa. Aliyoyajua ni haya. Dada yake Nyiramana, aliyeachwa Rwanda kwa shangazi wakati wazazi wao walipokimbia, alikufa Masaka, nje kidogo ya mji, mwezi wa Aprili, akiwa amejificha na mtoto katika shamba la mtama. Waliomzika walisema alikuwa na jeraha la panga begani, na kwamba jioni ya mwisho mtu aliwaletea maziwa kwenye kibuyu, naye Nyiramana akanywa. Ni lipi kati ya hayo mawili lililomuua, hawakuweza kusema. Tangu Bayingana amchukue Kaliza nyumbani kwake Kabeza, mtoto hakuwahi kugusa uji, wali wala maharage, na hakusema neno. Alikula ndizi mbivu na miwa tu, na alivimenya mwenyewe.

Kutokana na hayo Bayingana alihitimisha kwamba mtoto anataka kitu kitamu na laini. Ndiyo maana alimleta hapa.

"Karibu mzee," Annick alisema. "Na wewe mrembo, karibu."

Annick alilelewa Bujumbura, na kazi aliifundishwa huko na Mwitaliano mmoja aliyekuwa na kanuni zisizovunjwa. Mojawapo ilikuwa kwamba mteja mgeni hupewa kwanza kijiko kidogo aonje, ndipo achague. Annick akachota ya maziwa, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Kaliza, akamnyooshea kijiko.

"Onja kidogo, halafu utaniambia."

Kaliza akafumba midomo na kurudi nyuma.

"Hii hapa iko na marakuja. Watoto wanaipenda sana."

Mtoto akageuza uso, akautazama mlango. Bayingana alihisi jasho likimtoka mgongoni palepale alipokuwa amembeba. Baada ya hapa hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Kutoka kwenye benchi ikasikika sauti ya mtu anayecheka. Ilikuwa ya Nyirahabimana, muuza nyanya wa sokoni, mwanamke mnene aliyekaa na beseni lake tupu kati ya miguu, akisubiri bakuli lake.

"Annick, bado una hako kajiko kako? Siku ya kwanza kidogo nikimbie! Nikasema, huyu wa Bujumbura anataka nife mimi ndiyo ajue dawa yake iko na nguvu."

"Mama, acha. Wateja wote wanaonja. Ndiyo kazi."

"Kazi ya wazungu. Hapa anayetoa ndiye anaonja. Hata pombe, mwenye nyumba anavuta kwanza, ndiyo anakupa mrija. Wewe ulilelewa na paka?"

"Ya pombe ninajua. Lakini hii ni glasi, ni aiskrimu!"

"Na glasi haipiti kooni? Lete yangu, na ule mbele ya macho yangu kama kila siku."

Annick akacheka. Akamletea bakuli, akachota juu yake, akameza, kisha akafungua kinywa wazi kama mtu aliye mbele ya daktari wa meno. Nyirahabimana akakagua, akakubali kwa kichwa, akaanza kula.

Bayingana hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama Kaliza, na macho ya Kaliza yalikuwa kwenye koo la Annick.

Ndizi ina ganda. Muwa una ganda. Katika yote aliyokubali kula, hakuna ambacho mkono wa mtu ulikuwa umekifikia ndani. Naye Bayingana kila jioni alimwekea sahani akajitenga, asile mpaka mtoto ashibe, kwa sababu Karagwe mama yake alifanya hivyo kwa watoto na yeye aliona huo ndio upendo.

Akaomba kikombe cha aiskrimu ya maziwa. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akatia kijiko kizima kinywani.

"Tazama, Kaliza. Nimekula."

Kaliza alipiga yowe. Akakipiga kikombe kwa mikono miwili, kikaanguka, kisha akamrukia mjomba wake na kumtia vidole kinywani, akikwangua ulimi.

"Teme! Marume, teme!"

Marume, yaani mjomba. Kabla ya hapo hakuwa amemwita kwa jina lolote. Bayingana akatema sakafuni. Maneno yalikuwa yakimtoka mtoto kwa Kinyarwanda, vipande vipande.

"Walinipa mimi. Mama akasema ngoja kwanza nionje. Alionja mama."

"Na aliyeleta?" Nyirahabimana aliuliza. "Yeye alikunywa?"

"Hakunywa."

Nyirahabimana aliweka kijiko chini.

Bayingana alibaki amepiga magoti, kidevu kimelowa. Kisha akamwambia Annick, "Dada, weka kingine. Onja wewe uliyekitengeneza."

Annick akaonja. Akafungua kinywa. Kaliza akamtazama, akasubiri, akaendelea kusubiri huku jenereta ikinguruma barazani na aiskrimu ikilegea kikombeni. Hakuna aliyemharakisha. Ilipokuwa maziwa mazito tu, akakishika kikombe kwa viganja viwili akanywa nusu.

Ndipo jenereta ikakohoa mara kadhaa na kunyamaza.

"Kesho mtafungua?" Bayingana aliuliza.

"Dizeli ikipatikana, mzee. Mimi ninafikiri wiki ijayo."

Alitazama kikombe, akapiga hesabu nyingine. Nyumbani walikuwa wawili tu. Mpishi alikuwa yeye. Asipoonja, mtoto hatakula. Akionja, mtoto atamkwangua ulimi. Katika mji mzima, mtu ambaye hawezi kabisa kumlisha Kaliza alikuwa mjomba wake, yule ambaye mtoto aliogopa kumpoteza.

"Njoo nyumbani kwangu," alimwambia Annick, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Upike tu. Upike, uonje, uondoke. Nakuomba. Jumatatu wanamtia mpira."

"Mzee, mimi sikujui."

"Najua hunijui! Ndiyo maana nakuomba wewe."

Annick alimtazama bila kuelewa. Aliyeelewa alikuwa Nyirahabimana.

"Nyumbani una nini?" aliuliza.

"Dagaa. Maharage. Unga wa mtama."

"Leta hapa. Jiko la mkaa liko nyuma. Atapika huyu binti wa Bujumbura, ataonja huyuhuyu, na mimi nitakaa nione kama amemeza kweli."

"Mama, wewe unanipangia kazi dukani kwangu?"

"Duka limezimika. Una kazi gani nyingine?"

Annick akainama, akaanza kuokota kikombe kilichoanguka. "Ulete na chumvi," alisema. "Yangu imekwisha."

Bayingana akasimama, lakini Kaliza alikuwa ameshika shati lake.

"Marume, utakula huko njiani?"

"Sitakula."

"Mtu akikupa?"

"Hata akinipa."

Akaliachia shati. Bayingana akashika njia ya Kabeza, kwanza kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi.