Mapumziko ya Lazima

Saa nane na nusu mchana mashine zote kumi na nne za ukumbi wa kamari zilizima kwa pamoja, na mkaguzi akabonyeza saa yake ya kupimia. Kanuni mpya ilitaka kila saa na kila nusu saa mashine zipumzike dakika tatu: vioo vyeusi, bila muziki, bila taa hata moja. Alisimama katikati ya ukumbi, faili kwapani, macho kwenye mshale. Wachezaji nao walibaki kwenye viti vyao virefu, mikono mapajani, kama wagonjwa wanaongoja kuitwa kwa daktari.

Kifungu hicho cha kanuni alikiandika yeye mwenyewe. Kabla ya kuhamishiwa idara ya michezo ya kubahatisha alikuwa mkaguzi wa mizani masokoni kwa miaka kumi na miwili, na mizani ilimfundisha mambo mawili. La kwanza, ukiondoa mzigo lazima uiache sahani itulie mpaka mshale urudi sifuri, la sivyo kila kipimo kinachofuata ni uongo. Aliamini mtu naye ni vivyo hivyo. Akiachwa dakika tatu bila makelele atarudi sifuri, atakumbuka kwao, atanyanyuka. La pili, muuzaji anayekuchekea sana amebandika pande la risasi chini ya sahani.

Na mwenye ukumbi alikuwa akimchekea sana. Watu walimwita Bwana Karibu, kwa kuwa ndilo neno alilotumia kumpokea mtu, kumuaga, na hata kumkatalia jambo. Kanuni ilipotangazwa alipiga kelele mpaka magazetini, akasema serikali inataka kumuua yeye na wanawe. Wiki moja baada ya kanuni kuanza kazi akanyamaza. Hapo ndipo machale yalipomcheza mkaguzi, akaja bila kutoa taarifa.

Kwenye sekunde ya ishirini aliona kilichomnyamazisha. Katika kioo cheusi cha mashine ya pili, mbele ya mama mmoja mshonaji, ilitokea sebule yenye watoto wawili wanaogombania rimoti. Haikuwa picha ya zamani, maana saa ya ukutani mle sebuleni ilionyesha saa nane na nusu. Mshonaji aliinama mbele kidogo.

"Wewe mkubwa, mwachie mwenzio," alisema. "Na madirisha hayo yafungeni, mvua inakuja."

Watoto wakafunga madirisha. Kwenye mashine ya tano dereva wa lori alikuwa akimwelekeza mkewe ulipo ufunguo wa stoo. Kila kioo kilikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilimsikia mtu wake. Dakika tatu zilipotimia taa ziliwaka, nyumba zikafutika, na watu wakarudi kubonyeza vitufe, nyuso zimetulia. Mkaguzi aliandika kwenye fomu kwamba muda ni sahihi. Chini yake akaongeza: vioo vinaonyesha nyumbani kwa wachezaji, ichunguzwe ni nani aliyefunga kamera.

Fundi wa mashine aliitwa kesho yake asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa. Alifungua mgongo wa mashine ya pili, akamulika tochi.

"Kamera iko wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Hakuna kamera, mama. Hiki kioo, hii bodi, hizi nyaya. Hili vumbi."

"Na zile nyumba?"

"Zile ni zao wenyewe." Fundi alipuliza vumbi. "Kioo ukikiweka gizani mbele ya mtu, kitaonyesha kitu. Zamani zilikuwa hazizimwi, ndiyo maana hatukujua."

"Nani amekutuma uniambie hivyo?"

"Aliyenituma ni wewe. Barua ya kuniita ina sahihi yako."

Alimkata jicho, akamwambia afunge. Si bure, aliwaza. Mtu mwenye majibu mepesi hivi amefundishwa.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Nyumba yake na ukumbi vilikuwa pua na mdomo, mitaa miwili tu, lakini kazi ilikuwa haimruhusu kufika kabla ya saa kumi na mbili. Binti yake wa miaka tisa alikuwa mezani na daftari lake. Meza ilikuwa imesogezwa mbele ya kabati la vyombo tangu wiki iliyopita. Mkaguzi alikuwa ameliona hilo, akadhani mtoto anafuata mwanga. Baba mtu alikuwa mwalimu wa hesabu, na tangu mwaka uanze alikuwa akifundisha twisheni kila mchana akitoka shuleni. Hivyo ndivyo alivyosema, na shati lake lilikuwa na chaki ya kutosha.

Saa kumi na nusu kioo cha kabati kikaingia giza. Vikombe vilitoweka, na mahali pake akatokea Mwalimu, amekaa kwenye kiti kirefu, tai ameilegeza. Nyuma yake alipita Bwana Karibu na trei ya soda.

"Mwanangu, tuliishia wapi?"

"Namba saba, baba. Ile ya sehemu."

Mwalimu alinyanyua macho, akamwona mkewe amesimama na mkoba begani.

"Kumbe umewahi leo," alisema.

"Twisheni iko wapi, Mwalimu?"

"Nipe dakika mbili nimalizane na mtoto. Muda wenyewe mdogo."

Akaeleza namba saba, na akaieleza vizuri, taratibu, bila kumkaripia mtoto hata mara moja. Mkaguzi aliumia. Kuona mashine kulikuwa na uchungu wake; kuona kwamba mtoto amejua siku zote hizo, na wawili hao wamezoeana ndani ya kabati lake, kulikuwa na uchungu zaidi. Kioo kiliporudisha vikombe, alivitoa vyote kimoja kimoja, akagonga ubao wa nyuma, akafungua bawaba kwa bisibisi. Alipata kijiko kilichopotea mwaka juzi.

"Hakuna kitu mle, mama," binti alisema. "Hata mimi nilishatafuta."

Aliporudi usiku, Mwalimu hakukana. Angekana nini na wote wamemwona? Alisema atapunguza. Mkaguzi alingoja apunguze, na huku akingoja akafanya kile alichokijua: alichukua daftari la mlinzi wa mlango wa ukumbi, akalinganisha saa za watu kuingia na kutoka, kabla ya kanuni na baada yake. Kabla, mchezaji alikaa saa tatu. Sasa alikaa sita. Akaelewa. Zamani kilichokuwa kikimrudisha mtu nyumbani ni wasiwasi, kwamba jiko limeachwa linawaka, kwamba mtoto hajatoka shule. Kanuni ilikuwa imewaondolea wasiwasi. Mwalimu mwenyewe, ambaye mwezi uliopita alikuwa akifika kwake na giza la kwanza, jasho linamtoka, uongo mkononi, siku hizi hakuharakisha. Alikuwa ameshawaona. Lile pande la risasi chini ya sahani lilikuwa limebandikwa na mkaguzi wa mizani.

Alhamisi alitandaza shuka jeupe juu ya kabati, akalibana kwa vibanio vya nguo, akaenda ukumbini na kusimama nyuma ya mumewe. Alitaka aone kwa macho yake. Mwalimu asipowaona, alijiambia, atarudi nyumbani. Saa kumi na nusu mashine zilizima, na kioo cha Mwalimu kikaonyesha weupe mtupu. Mwalimu alikitazama. Alikigusa kwa kidole, akasogeza uso karibu, akaita jina la mtoto mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akageuza kiti upande wa mashine ya pili.

"Mkubwa," alimwita mtoto wa mshonaji, "lete daftari tuone."

Mtoto akaleta. Mwalimu akamweleza, taratibu, bila kumkaripia.

"Afadhali wewe, Mwalimu," mshonaji alisema. "Mimi hesabu zilinipita kushoto."

Hakuna aliyegeuka nyuma. Mkaguzi alirudi nyumbani, akakuta miguu ya binti yake imetokeza chini ya shuka. Mtoto alikuwa ameingiza kichwa na daftari mle ndani na kuketi vivyo hivyo.

"Leo hakuja," binti alisema.

"Yuko kwa watu."

Akafungua vibanio, akakunja shuka.

Ripoti aliyoiandika ilikuwa ya kurasa nne na ilipendekeza jambo moja: vioo vyote vipakwe rangi, mapumziko yawe giza la kweli. Kikao cha kupokea maoni ya wananchi kilifanyika kwenye ukumbi wa idara, viti vikawa havitoshi. Mkaguzi alitazama sura zile, hakuona wachezaji. Walikuwa ni wake, waume, wazazi na watoto waliovaa sare. Machale yakamcheza tena. Akatoka nje kutafuta mabasi ya Bwana Karibu yaliyowaleta. Hakukuwa na basi. Walikuwa wamekuja kwa miguu yao.

Hawakuja kuunga mkono rangi. Mzee mmoja alisema mwanawe hajawahi kumsikiliza kama anavyomsikiliza sasa. Mke wa dereva wa lori alisema hata yeye hapendi kamari, lakini dakika tatu anazozipata ni zake, na kabla ya hapo alikuwa hapati hata moja. Wote walitaka kitu kimoja, dakika ziongezwe. Mwenyekiti akamuuliza Bwana Karibu kama dakika kumi zitamuumiza kibiashara.

"Karibuni," Bwana Karibu alisema, akakaa.

Kwenye rundo la barua za maoni mkaguzi aliona karatasi ya mraba mraba iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Ilisema kwamba dakika tatu hazitoshi hata namba moja ya sehemu. Hakuhitaji kuangalia jina. Mkubwa wake wa kazi alimpa mkono mbele ya watu, akasema katika mageuzi yote ya mwaka huu hiki ndicho kifungu pekee ambacho wananchi wamekishangilia, na akamsogezea kalamu. Mkaguzi alisoma marekebisho ya dakika kumi mara tatu akitafuta hila. Yalikuwa safi. Akatia sahihi.

Jumatatu iliyofuata, kabla mumewe hajatoka, alimsimamisha mlangoni.

"Alhamisi saa kumi njoo nyumbani," alimwambia. "Si kwenye kabati. Njoo na miguu yako. Mtoto ana mtihani Ijumaa."

"Si namfundisha?"

"Njoo, Mwalimu. Sikuombi kingine."

Mwalimu alimtazama kwa shaka, kana kwamba naye alikuwa akitafuta ni nini kimefichwa chini ya maneno hayo. Akasema sawa.

Alhamisi alikuja kweli. Aliingia saa kumi na robo, bila koti, akavua viatu, akasimama sebuleni akitazama kuta. Mkaguzi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Moyo ulimdunda, na hakuuamini. Alimvutia mumewe kiti, akakiweka kandokando na cha binti, mgongo ukiwa kwenye kabati. Mwalimu alikaa, akapiga makofi mepesi mezani.

"Haya mwanangu. Tuliishia wapi?"

Binti aligeuza kiti chake kuelekea kabati, akafungua daftari.

"Subiri," alisema bila kumtazama. "Baba bado hajaja."

Mwalimu alicheka kidogo. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akaacha. Akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuandika mfano, lakini mkono wake uliandika haraka mno na sauti yake ilikuwa kubwa kwa chumba kile. Mtoto alimwitikia kwa adabu, kama anavyoitikiwa mgeni.

Saa kumi na nusu vikombe vilitoweka. Kioo kilionyesha kiti kirefu kitupu, na koti la Mwalimu limetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Wote watatu walikitazama. Binti aliegemeza kidevu kwenye viganja, akangoja. Kwenye dakika ya pili alitokea mwanamume mmoja na chupa ya soda, akakizunguka kiti, akalisogeza koti kwa vidole viwili.

Goti la Mwalimu lilianza kutikisika chini ya meza.

"Kaa," mkaguzi alisema.

"Si nimekaa?"

Mwanamume wa kiooni aliweka chupa yake juu ya mashine.

"Nakwenda kuchukua koti tu," Mwalimu alisema. Alikuwa ameshasimama. "Nachukua koti narudi. Mwanangu, usifunge daftari."

Mlango ulifunguka, halafu geti. Kwa mazoea tu mkaguzi alibonyeza saa yake ya kupimia. Alitaka kumwambia mtoto jambo, lakini mtoto hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa akichonga penseli. Nje walisikia mtu anakimbia, kisha hawakumsikia tena.

Dakika nne baadaye Mwalimu alitokea kiooni, kifua kikipanda na kushuka. Alimwambia yule mwanamume maneno mawili, akamrudishia chupa yake, akakaa. Alijifuta jasho kwa mkono wa koti, akainama mbele, akatabasamu.

"Baba, umefika," binti alisema, na uso wake wote ukachangamka.

Zilibaki dakika tatu na ushee. Mkaguzi alikisogeza kile kiti kilichoachwa, akakaa mahali ambapo mumewe angeweza kumwona.