Simu ya Jumanne

Daktari alipiga simu Jumanne, Lorelle akiwa anaanika mashuka. Des, mumewe, alishamwambia daktari tangu mwanzo kwamba majibu yote ampe mke. Yeye hayawezi mambo ya kuambiwa kwenye simu kuwa unakufa. Basi Lorelle akasikiliza, kibanio cha nguo kikiwa bado mdomoni. Picha zilikuwa safi. Saratani ya tezi iliyomkondesha mzee mwaka mzima haikuonekana tena popote. Warudi baada ya miezi mitatu kuangaliwa.

Furaha ilimpanda, hilo tusimnyime. Akatoka mbio kuelekea banda la kondoo aliko Des, na alikuwa amefika katikati ya uwanja alipoikumbuka Jumamosi.

Jumamosi mji mzima ulikuwa unakutana kwenye viwanja vya mnada kwa ajili yao. Matibabu yalikuwa yamewakausha. Dawa yenyewe serikali iliilipia. Kilichowakamua ni petroli ya saa sita kwenda hospitali na saa sita kurudi, chumba cha kupanga huko mjini, na kondoo waliouzwa kwa bei ya kutupa kwa kukosa mtu wa kuwaangalia. Benki ilishaandika barua mbili za kudai deni lake. Ndipo Col, dalali wa mifugo, akapita nyumba kwa nyumba, watu wakaahidi kuni, keki, ndama, hata siku nzima ya kazi ya fundi bomba, vyote vipigwe mnada. Sasa wakisikia Des amepona, nani atafungua pochi? Lorelle akasimama pale uwanjani, akageuka, akaenda kumalizia mashuka. Siku nne tu, alijiambia. Kwani siku nne ni kitu gani?

Jioni Des akauliza kama wamepiga. Akamjibu bado, tena kwa uso mkavu. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi Des hakuuliza, na badala ya kuona haya, mwanamke akashukuru. Ijumaa alimkuta mzee amekaa barazani anamkuna masikioni Tig, mbwa wake wa kuchunga kondoo. Akadhani amechoka tu.

Siku yenyewe watu walifurika. Wanawake wa kanisani walimkumbatia mmoja mmoja, wakamwambia ajikaze, na kila kumbatio lilimchoma. Kuni zikauzwa mara tatu, maana huko mtu akinunua kwa ajili ya mgonjwa huvirudisha vitu viuzwe tena. Col alikuwa anajifuta jasho kwamba amemaliza, mara Des akapanda kwenye lori lililokuwa jukwaa la mnada, amemshika Tig kamba.

"Des, si bora umuuze mkeo?" mtu wa nyuma akamtania. "Huyo mbwa hata benki haiwezi bei yake."

Watu wakacheka, na Des akacheka. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ana miaka minne. Kazi yake bado ndefu kuliko maisha yangu. Apate mtu wa kuamka naye asubuhi."

Lorelle alikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye lori. Neno moja lingetosha, na alikuwa nalo mdomoni tangu Jumanne. Lakini angelisemaje mbele ya watu waliokwisha kutoa pesa zao, mbele ya mikono ile iliyomkumbatia? Aliona aibu ya kusema, akachagua aibu ya kunyamaza. Tig akaenda kwa dola elfu tisa kwa mfugaji mgeni wa mbali, ambaye desturi ya kurudisha ama hakuijua, ama alimtaka mbwa kweli.

Jumapili asubuhi Des alikaa barazani na buti zisizofungwa kamba, kama mtu asiye na safari. Lorelle hakuweza tena.

"Daktari alipiga," akasema. "Picha ni safi. Umepona, mume wangu."

Mzee akashika uso kwa mikono miwili akalia, analia huku anacheka, akamvuta mkewe akamkumbatia. Kisha mikono yake ikalegea taratibu.

"Leo Jumapili," akasema. "Alipiga lini?"

"Jumanne."

Lorelle alingoja matusi, na angeyapokea kwa moyo mmoja. Des hakutukana. Alichukua simu, akampigia Col. Akampa habari njema. Ndiyo, Jumapili, akasema, daktari mtu mwema sana, kapiga leo asubuhi kutoka nyumbani kwake. Ilionekana Col alijitolea kumtafuta yule mfugaji ili Tig arudi, maana Des alisema hapana, hapana, mbwa akiuzwa ameuzwa. Akawatumia watu wote salamu na shukrani. Kwa miaka thelathini na moja Lorelle hakuwahi kumsikia mume wake akisema uongo.

Akaweka simu chini.

"Haya," alisema bila kumtazama. "Sasa tuko wawili."

Akainama akafunga kamba za buti, akashuka kwenda kwa kondoo wachache waliobaki. Aliwazunguka mwenyewe kwa miguu, anasimama kupumua, anaanza tena, nao wakimtawanyikia kila upande. Lorelle alitaka kwenda kumsaidia, akaishia kwenye ngazi za baraza.