Kijicho Kwenye Feni

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mwaka 2003, saa kumi na nusu alasiri, kompyuta ya Nadra ilizimika kwa mara ya sita tangu asubuhi. Nadra alikuwa chumbani kwake, katika nyumba yao ya Darsait iliyo nyuma ya karakana ya fundi wa viyoyozi. Alikuwa amemaliza kutia rangi shuka la mwisho katika picha ya mwisho, shuka la buluu lililoanikwa juu ya paa karibu na tangi la maji. Aliihifadhi picha, akasogeza kalamu ya kuchorea hadi pembe ya chini kulia, akaandika N, akaandika A. Alipofika kwenye D, skrini ikawa nyeusi.

Umeme haukuwa umekatika. Kiyoyozi kilikuwa kinaendelea kunguruma na jikoni redio ilikuwa inasoma habari. Kompyuta yenyewe ilifanya kazi siku nzima bila kinyongo: ilifungua picha, ilipokea rangi, ilikubali kukuza na kupunguza. Jambo moja tu haikulitaka, kuandikiwa jina la Nadra. Alijaribu herufi za Kiarabu na za Kizungu. Alijaribu kuandika mbio mbio, na mbio zake zote zilimfikisha kwenye R.

Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa yafunguliwe baada ya siku tisa, katika ukumbi mmoja wa Madinat Sultan Qaboos. Kulikuwa na picha kumi na moja na zote zilikuwa tayari, ila hazina jina. Nadra alisema picha isiyo na jina ni sawa na tangazo la sabuni, na yeye hakwenda kusoma Malaysia miaka mitatu ili atundike matangazo ya sabuni.

Mama yake, Bi Masouda, alikuwa na jibu lake. Alishasema zamani kwamba kuna mtu ana kijicho na kazi ya Nadra, na kwa Ijumaa tatu mfululizo, baada ya sala ya alasiri, alikuja na chetezo cha udi akakiweka sakafuni nyuma ya kompyuta, akauacha moshi uingie kwenye matundu yake kama anavyofukiza nguo za kutokea. Kompyuta ikawa inanukia kuliko bibi harusi, na bado ikawa inazimika.

Siku ya pili yake, saa tano asubuhi, alikuja fundi. Jina lake Enos, Mkenya, mfanyakazi wa duka moja la kompyuta huko Ruwi. Alivua viatu mlangoni, akaomba gazeti la kutandika chini, akalaza kasha la kompyuta ubavu na kuanza kufungua skrubu. Alipotoa kifuniko alinusa, kisha akapitisha kidole kwenye feni. Kidole kikatoka kimepakwa kitu cheusi chenye kunata.

"Madam, hii mashine imejaa mafuta ya moshi," alimwambia Nadra. "Nani huwa anachoma kitu hapa?"

"Mimi, mwanangu," alijibu Bi Masouda, aliyekuwa amekaa kitandani kusimamia. "Nnaifukiza. Kuna mtu ana kijicho."

Sasa, kwao Enos, mtu akimwonea mwenziwe uchungu kwa alichonacho, wanasema ana wivu. Kijicho kwake kilikuwa jicho dogo, basi. Kwa hiyo aliyachukua maneno ya Bi Masouda kuwa taarifa, akafurahi kupata mteja anayejua shida ya mashine yake. Akawasha tochi akaielekeza nyuma ya feni.

"Ni kweli, mama," alisema. "Hiki hapa."

Kilikuwa kimekaa baina ya feni na ubao wa saketi, kimefumbuka vizuri, rangi ya kahawia, chekundu kidogo pembeni kwa ajili ya udi. Mwanga wa tochi ulipokipiga kilijikunja, kisha kikatulia kikamtazama Enos. Enos hakukigusa. Alieleza kwamba vitu huingia ndani ya mashine, hasa zikikaa chini sakafuni. Mwezi uliopita huko Rusayl, katika ofisi ya kiwanda cha mabati, alikuwa ametoa kikohozi cha karani aliyestaafu mwaka tisini na nane, na mashine ile inaenda vizuri mpaka leo.

Bi Masouda aliinuka, akavaa miwani, akainama.

"Loo, jicho la Kheiria," alisema. "Na sisi tumelitafuta kila mahala."

Kheiria alikuwa bintiye mkubwa, aliyemzidi Nadra miaka sita. Jicho lake la kushoto lilikuwa limetoka wiki tatu nyuma, siku zilipoletwa kadi za mwaliko wa maonyesho. Alikuwa amekaa jikoni anachagua mchele, Nadra akamwekea kadi moja mbele yake, Kheiria akaisoma juu mpaka chini, na jicho likaanguka ndani ya sinia. Kutoka hapo lilibiringika chini ya friji. Walilitafuta kwa ufagio siku mbili, kisha wakaacha, na Kheiria akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nadra naye alilitambua mara moja. Katika weupe wa jicho hilo kulikuwa na kidoa cheusi, alama ya penseli. Nadra alikuwa na umri wa miaka mitatu alipomchoma dada yake kwa penseli hiyo, akitaka kumnyang'anya.

Lazima isemwe picha zile zilitoka wapi. Mwaka 1994 Kheiria alipata nafasi katika chuo cha sanaa huko Misri. Barua ilipofika, Bi Masouda alikuwa amelala kifudifudi baada ya kupasuliwa mgongo, na baba yao, marehemu Msellem, alisema lazima mtu mmoja abaki nyumbani. Mtu mmoja akabaki. Mgongo ulipona kabla ya mwaka kwisha, lakini barua nyingine haikuja. Miaka minne baadaye ilipofika zamu ya Nadra hapakuwa na tatizo lolote, kwa sababu nyumbani mtu alikuwako tayari.

Kheiria alikuwa akipanda juu kuanika nguo, na akishaanika alikaa kwenye kivuli cha tangi akachora mapaa ya Darsait na wanawake wa juu ya mapaa hayo, kwa penseli, ndani ya daftari la hesabu lenye miraba. Hakuwa na karatasi nyingine. Daftari lilikaa chini ya kitanda miaka minane. Nadra alipolikuta, alimwambia dada yake: nitakusafishia. Kheiria akampa. Nadra akazipiga picha kwenye skana, na kwa miezi mitatu akafuta miraba, mmoja mmoja, kisha akatia rangi. Kazi ilipokwisha aliwaambia watu amesafisha picha. Hakusema tena amemsafishia nani, na katika kadi za mwaliko jina lilikuwa la Nadra peke yake.

Isidhaniwe kwamba alifanya hivyo kwa kusahau. Nadra alikuwa na wivu na dada yake, wivu wa kumkosesha usingizi. Yeye alikuwa na shahada, kompyuta na rangi milioni kumi na sita, lakini mstari wake ulikuwa umekufa, na aliujua kuwa umekufa. Mstari wa Kheiria, uliochorwa na mtu mwenye vibanio vya nguo mdomoni, ulikuwa unapumua. Angeweka majina mawili, watu wangeuliza nani kachora na nani katia rangi, na Nadra alijua baada ya jibu hilo wangemtazama nani.

Kheiria aliitwa kutoka jikoni. Alikuja na unga mikononi, akavua miwani ya jua, akalitazama jicho lake kwa lile jingine. Bi Masouda akamuuliza lataka nini humo ndani.

"Linataka kuona jina langu," alisema Kheiria.

"Da Kheiria, mimi nimekaa miezi mitatu," alisema Nadra. "Miraba yote ile nimeitoa mimi."

"Uliniambia utanisafishia."

Enos alishughulika na brashi yake, akiondoa ile nta ya udi kwenye mapanga ya feni na kukizunguka kijicho kwa adabu, kama mtu anayefagia ambako mwenzake amekaa.

Bi Masouda ndiye aliyekata shauri. Alisema kadi zishatoka, watu washaalikwa, na hawezi kuwapa watu la kusema. Lakini mbona jambo lenyewe jepesi? Nadra asiandike Nadra. Aandike Bint Msellem. Bint Msellem ni Nadra na Bint Msellem ni Kheiria. Baba yao mmoja, jina lao moja, kila mtu atakuwamo na hakuna atakayenuniana na mwenziwe.

"Na wewe ndo bint Msellem wa mwanzo," alimwambia Kheiria. "Majirani walikuwa wakikwita hivyo Nadra hajazaliwa."

Hilo lilikuwa kweli. Kheiria alifikiri kidogo, akasema haya. Enos aliunganisha nyaya huku kifuniko kikiwa wazi, akawasha. Nadra alifungua picha ya shuka la buluu, akaandika herufi ya kwanza, ya pili, akaendelea. Wote wanne walikitazama kijicho. Kilisoma pamoja nao, kikapepesa mara moja, na kompyuta haikuzimika. Picha ikahifadhiwa na jina lake.

Enos akauliza kama alitoe sasa, kwa sababu ana kibanio kidogo kinachofaa.

"Liache," alisema Kheiria. "Huku nje halina la kutazama."

Basi Enos alifunga skrubu. Aliagiza kompyuta iinuliwe juu ya meza, udi uishie mlangoni, na kila baada ya miezi mitatu aitwe aje kupuliza vumbi. Jicho likizidi wekundu, watie tone la maji ya waridi kupitia matundu ya nyuma, lakini mashine iwe imezimwa.

Maonyesho yalifunguliwa Jumatano jioni kama kadi zilivyosema. Watu walijaa. Kila picha ilikuwa na jina la Bint Msellem katika pembe yake ya chini, na kila mgeni aliyeuliza Bint Msellem ni yupi alioneshwa msichana aliyesimama mlangoni kwa abaya mpya, akipokea mikono. Nadra hakusema uongo hata mara moja. Waliuliza, "Wewe ndiye Bint Msellem?" naye akasema ndiye.

Kheiria alikuwa upande wa pili wa ukumbi, na miwani yake, akimimina kahawa na kugawa halua. Mgeni mmoja, Bi Wadha, mwanamke mwenye sauti, alisimama naye mbele ya shuka la buluu na kulisifu sana. Alisema mtu huona kabisa kwamba shuka bado li majimaji. Akamuuliza Kheiria kama na yeye anachora.

"Mimi nilikuwa nikianika," alisema Kheiria.

Bi Wadha alisema na hiyo pia ni kazi, akachukua kikombe cha pili. Bi Masouda, aliyekuwa karibu, alimgusa Kheiria kiwiko ili akumbuke kusema mashaallah, maana alikuwa hajasema tangu waingie. Kheiria akasema mashaallah. Alisema kwa kila picha, kumi na moja zote, akipita moja baada ya moja na birika lake mkononi, na alipomaliza akarudi kwenye halua.

Picha tisa zilipata wenyewe usiku uleule. Gazeti moja lilichapa sura ya Nadra, na chini yake wakaandika: Bint Msellem wa Darsait. Wiki iliyofuata Kheiria alikwenda dukani kununua mayai, katika duka alilokuwa akinunua tangu utoto, na mwenye duka akamuuliza kama yeye ndiye dada yake Bint Msellem. Kheiria alisema ndiye, akalipa, akaondoka.

Kompyuta haikusumbua tena. Enos alikuja kila baada ya miezi mitatu, akafungua, akapuliza, akaandika katika daftari lake kwamba feni ni nzima, diski ni nzima na jicho ni zima. Nadra alichora picha nyingine, na zilikuwa nzuri kuliko za zamani, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akichora mstari mbovu feni ilipandisha sauti, na akichora mzuri ilitulia. Hakumwambia mtu. Zile nazo aliziandika Bint Msellem.

Kilichobaki ni maji. Yalianza kutoka siku ya pili baada ya maonyesho, kwenye upenyo wa chini wa kasha, kidogo kidogo, ya chumvi. Enos aliyaonja kwenye ncha ya kidole, akasema hayaharibu kitu mradi yawe na pa kwenda. Bi Masouda akatoa lile sinia la kuchagulia mchele wakaliweka chini ya kompyuta. Kila asubuhi linakuwa limejaa nusu. Nadra huwa bado amelala saa hizo, na mgongo wa Bi Masouda hautaki kuinama, kwa hiyo anayelichukua ni Kheiria. Hulibeba kwa mikono miwili lisimwagike, akayamimina maji penye bomba la nje, akalisuuza, akalirudisha mahali pake, kisha akapanda juu kuanika nguo.