Kadi Chini ya Kopo la Vifungo

Maneno yaliletwa na mshona nguo wa nyumba ya pili, pini zimemjaa mdomoni. Alisema ile chanjo ya homa ya ini wanayochomwa watu wa hospitali, sindano ya kwanza haina neno, ya pili haina neno, ila ya tatu ndiyo inayofunga kizazi. "Mimi simo," akamalizia. "Nimeambiwa tu, nawe nakwambia kwa kuwa una binti."

Mama alicheka, lakini maneno yalimganda kama kupe. Akiosha vyombo, yapo. Akifagia, yapo. Binti yake, Kitinda, mtoto wake wa mwisho na wa kike pekee, alikuwa dobi wa hospitali. Alipoanza kazi alipimwa damu, akaonekana mzima, akachomwa ya kwanza. Baada ya mwezi, ya pili. Ya tatu iliandikwa kwenye kadi: miezi sita tangu ile ya kwanza.

"Hiyo ya tatu ya nini, mwanangu? Mbili hazitoshi?"

"Mama nawe! Nesi anasema ya tatu ndiyo inayokomaza kinga."

"Na wajukuu wangu?"

"Hata mkwe hujamwona, unadai wajukuu!" Kitinda akacheka mpaka akajishika mbavu.

Kesho yake, binti alipokwenda kazini, mama aliitoa kadi kabatini, akaikunja mara mbili, akaisukumiza chini kabisa ya kopo la vifungo.

Tarehe ilipokaribia, Kitinda alipekua nyumba nzima. Godoro liligeuzwa, kabati likahamishwa.

"Mama, hujaiona kadi yangu?"

"Sijaiona."

Neno moja, na lilimtoka bila kukwama. Kitinda alimwogopa msimamizi wa dobi, mwanamke mkali aliyemfokea mwenzake mbele za watu kwa kupoteza kadi. Akasema ataomba nyingine wiki ijayo. Wiki zikawa miezi, na mama akapigilia msumari: "Muda ukishapita imeshaharibika hiyo, mpaka uanze moja. Achana nayo."

Mwezi wa tisa tangu sindano ya kwanza, Kitinda alirudi na kidole kimefungwa kitambaa. Shuka la wodini lilikuwa limeviringwa na sindano ndani yake. Alipolikung'uta alitie mashineni, ikamchoma.

"Umewaambia?"

"Wataniuliza kadi, mama. Nitawaonyesha nini?"

Kopo lilikuwa hatua nne kutoka pale mama alipokaa. Akainuka, akalipita, akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Baada ya miezi miwili macho ya Kitinda yaligeuka manjano, na mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyolala. Daktari alipima damu, akawaita wote wawili.

"Ni homa ya ini B. Watu wazima wengi, mwili huvifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi sita. Tutasubiri."

Mama akauliza: "Na ile sindano ya tatu, ikipitiwa na muda…"

"Haianzwi upya, mama. Angekuja siku yoyote angechomwa hiyo iliyobaki. Hata kadi ikipotea, daftari tunalo. Na siku aliyochomwa kidole na ile sindano ya shukani, angekuja saa ile ile kulikuwa na cha kumsaidia."

"Asingeumwa?"

"Hilo siwezi kukuapia. Mbili huwakinga wengi, si wote. Ya tatu ingemwongezea."

Miezi sita hiyo mama aliihesabu kwenye kalenda ya ukutani, kila asubuhi mkwaju mmoja wa kalamu. Hakukosa hata siku moja. Siku ya majibu virusi vilikuwa bado vipo. Daktari akasema huenda vikakaa naye maisha. Ini litachunguzwa mara kwa mara, na dawa za kuvituliza zipo zikihitajika. Kuzaa anaweza kuzaa, mtoto atachanjwa siku hiyo hiyo ya kuzaliwa.

Waliporudi, Kitinda alijitengea sahani na kikombe, ingawa aliambiwa ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja. Mama alipoona kikombe kile kimesimama peke yake dirishani, alileta kopo, akalimwaga mkekani. Vifungo vikatawanyika, kadi ikadondoka juu yake.

"Ilikuwa humu siku zote?"

"Humu. Niliambiwa inafunga kizazi."

Kitinda aliinyoosha kwa kiganja. Akaanza kuviokota vifungo, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

Wiki iliyofuata alimpeleka mama yake kupimwa, kwa kuwa daktari alitaka wote wa nyumba ile wapimwe na wachanjwe. Mama alikuwa salama. Akatoa bega, akachomwa ya kwanza. Nesi akaandika tarehe, na mama akanyoosha mkono apokee kadi.

"Nipe mimi, dada," Kitinda alimwambia nesi. "Ya mama naitunza mimi."

Akaitia mkobani, akafunga zipu. Njiani alitangulia, mama akifuata nyuma.

Mama aliishia darasa la saba, ila jioni ile aliandika karatasi, akaipeleka kwa mshona nguo ibandikwe pale wateja wanapokaa:

Usimfiche mtu kadi yake.
Usiishie sindano mbili. Ni tatu: ya leo, ya baada ya mwezi, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza.
Usiseme muda umepita. Nenda, waendelee ulipoishia.
Usikae nyumbani eti kadi imepotea.
Usinyamaze ukichomwa na sindano iliyotumika kwa mtu. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, uwaambie saa ile ile.
Usiazime wembe wala mswaki.
Usimtengee mgonjwa sahani.
Usimpelekee mama mwenye binti maneno ya kuokota.
Na wewe mama, usiyapokee.