Shamba la Oreste Lililoning'inia Hewani

Siku ya Mtakatifu Martino, mwaka 1920, mikataba ya mashamba ilipokwisha na nusu ya watu wa bonde la mto Po, Italia, wakawa barabarani na vitanda vyao, Oreste Bregoli alikuwa akifunga kabati kwenye mkokoteni pale shamba aliloahidiwa vitani lilipofika. Lilifika kwa juu. Lilisimama hewani, juu kidogo ya paa, lina mforsadi mmoja na matuta yaliyolimwa vizuri, mizizi ikining'inia chini kama ndevu.

"Limechelewa," alisema Argia, mkewe, akitoa udongo uliodondokea sufuria ya ugali.

Ni kweli. Kapteni wake aliliahidi mahandakini, asubuhi ambayo wanajeshi hawakutaka kutoka kwenda kufa. Wakatoka. Kapteni alipewa nishani, na nishani haikuchelewa.

Kavaliere Tebaldi, mwenye mashamba, alikuwa amewafukuza kwa sababu Oreste aligoma wakati wa mavuno pamoja na chama cha vibarua. Walihamia kibanda kando ya mfereji. Shamba likawafuata angani, polepole, kwa adabu, likiupisha mnara wa kanisa.

Secondo, kaka yake Argia na mkuu wa chama, alikuja kulitazama.

"Zuri, shemeji. Likishuka litakuwa la chama. La wote."

"Wote walikuwa mahandakini? Wewe mwenyewe ulikuwa jikoni unamenya viazi!"

"Na ulipopigwa risasi ya paja, nani alikubeba mgongoni? Viazi?"

"Nataka langu, Secondo. Langu, nikojoe popote ndani yake."

"Basi wewe ni Tebaldi mdogo. Na bila kadi ya chama hakuna kibarua bonde zima, unajua."

Oreste alijua. Majira yote ya baridi alikaa bila kazi chini ya shamba lake, kwenye kivuli.

Mwanzoni mwa machipuko akaja Ugo, mwana wa Kavaliere, kwa lori alilonunuliwa na baba yake. Alikuja na vijana wa Kifashisti wa mashati meusi, wengine wanafunzi waliochelewa vita na wenye huzuni kubwa kwa hilo. Walibeba ngazi.

"Afande Bregoli," alisema Ugo, na tangu vita viishe hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. "Nchi imekudhulumu. Sisi tutakushushia."

"Na mimi nifanye nini?"

"Uvae shati, afande. Utuonyeshe mlango wa nyuma wa ofisi ya chama. Basi."

Walikwenda Jumapili, mkutano ukiendelea. Askari wa serikali waligeuka wakalitazama shamba angani, wakayasifia matuta yake mpaka moshi wa ofisi iliyochomwa ulipopungua. Secondo alinyweshwa mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha, akavunjwa meno kwa rungu. Oreste hakumpiga shemeji yake. Alimshika mabega tu, kwa upole, asianguke.

Kesho yake shamba lilishuka. Halikuhitaji ngazi. Lilivuka ua wa Kavaliere likatua kati ya mizabibu yake na dimbwi la kuloweka katani, likaenea kana kwamba limepimwa.

Oreste alikwenda kuuliza, kofia mkononi.

"Ardhi imejichagulia yenyewe, afande," Ugo alimwambia. "Lakini nani atailima kama si wewe? Unaijua hata kwa chini."

Akailima. Kavaliere alichukua sehemu yake ya ngano, iliyokuwa kubwa kuliko zamani kwa kuwa chama cha kumbishia hakikuwapo tena. Ngano ilikuwa nzuri mno.

Argia aliuoka mkate wa kwanza, akaulowesha kwenye mchuzi, akampelekea kaka yake. Oreste alisimama mlangoni na shati lake jeusi.

"Wa shamba langu huo," alisema.

Secondo aliufyonza taratibu, kwa ufizi, mpaka ukaisha.

"Mtamu, shemeji," alisema. "Mwambie Kavaliere."