Kiraka cha Buluu Juu ya Zumarani

Winchi hakuwa na raha tangu asubuhi. Alimimina chai akaiacha ipoe, akafungua begi akalifunga, akatoka nje kulitazama jua kana kwamba lingesogea likisukumwa. Miaka miwili alikuwa mbali, mgodini, akiendesha winchi ya kuinulia mizigo, na jina hilo lilimganda mpaka nyumbani. Kule juu, ndani ya kibanda cha vioo, kati ya mzigo na mzigo, alikuwa na kazi nyingine ambayo msimamizi wake hakuijua. Alikuwa akipanga vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vya mchezo. Kabla hajaondoka, kila Jumamosi mchana yeye na wenzake walikaa mezani, mmoja akasimulia nchi ya kubuni, wengine wakajivika kila mtu mhusika wake wa kuishi humo, na dadu zenye pande ishirini zikaamua nani anapona na nani anaumia, namba kubwa ikiwa ndiyo bahati. Msimulizi alikuwa Winchi na nchi ilikuwa yake: falme zenye ugomvi wa mababu, misitu ya watu wenye masikio marefu, joka la shaba lililolala chini ya mlima, na katikati mji mkuu, Zumarani, wenye minara tisa. Siku ya kuondoka alimwachia mdogo wake wa kike usukani. "Wazungushezungushe mpaka nirudi," alimwambia, kama mtu anayeacha kuku walishwe.

Sasa amerudi, na vita vya Zumarani vimemjaa kichwani hadi vinataka kumwagika.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mapazia, na mchezo ulichezewa dukani kwake, kwenye meza ya kukatia, vitambaa vikisukumwa pembeni. Winchi aliwakuta wote. Kinyozi, mwenye mdomo usio na breki, alimkumbatia akambeba juujuu; mchezoni alikuwa mbilikimo mwenye shoka. Muuguzi, mama wa makamo aliyetoka zamu na viatu vyake vyeupe, alimpa mkono kwa utulivu. Yeye alikuwa mganga anayetibu kwa nyimbo.

"Nipisheni nikae kwenye kiti changu," Winchi alisema huku akicheka. Hapo akaona ramani.

Aliiacha ikiwa karatasi. Sasa ilikuwa kitambaa, mito imetariziwa kwa uzi na milima imejazwa pamba. Na pale katikati, pale penye Zumarani, palishonewa kiraka kikubwa cha satini ya buluu.

"Hii nini?"

"Ziwa," mdogo wake alijibu bila kumtazama.

"Na mji?"

"Uko chini ya ziwa, kaka."

Kinyozi akadakia. "Joka liliamka! Tungefanyaje? Nikavunja bwawa la mlimani kwa shoka langu mwenyewe. Joka likazama. Mji nao, basi, ukazama kidogo."

"Kidogo!" Winchi alisimama, akakaa, akasimama tena. Miaka miwili ya kupanga kila mshale, kila lango litakaloanguka, na wenyewe wamemwaga maji tu. "Tunarudi nyuma. Tuseme bwawa halikuvunjika. Tunaanzia hapo."

"Hatuwezi," alisema Muuguzi. "Mwanangu alifia mle."

Winchi alimkodolea macho. Muuguzi akaeleza kwamba mganga wake alimwokota yatima sokoni Zumarani, akamlea, akamfundisha nyimbo tatu za kwanza. Maji yalipoingia, mtoto alikuwa mnarani.

"Dada, si mchezo tu?" Winchi aliropoka.

Maneno hayo yalikuwa mwiko pale mezani, na aliyeyapiga marufuku alikuwa Winchi mwenyewe; aliwahi kumsusia shemeji yake mwezi mzima kwa kuyatamka. Muuguzi aliinamisha kichwa akaanza kukunja kipande cha bitana, akakikunja tena, mpaka kikawa hakikunjiki.

Winchi alitoka barazani. Alienda hadi kwenye nguzo akarudi, akaenda tena. Mdogo wake akamfuata, sindano imechomekwa kwenye ukosi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia nini ukanisikia? Nilikuwa nakuuliza kwa simu kitu kidogo, mlango huu unafunguka upande gani, unanyamaza wiki nzima, halafu unaniletea historia ya wafalme sita. Watu wamekaa mezani wananisubiri, kaka. Bwawa lilipovunjika, ningeweza kuuokoa mji." Alichomoa sindano ukosini, akaichomeka tena. "Sikutaka. Nilitaka nipate mahali ambapo sihitaji kukuuliza."

Hasira ilimpanda Winchi, ikakosa pa kutulia. Alienda tena hadi kwenye nguzo, safari hii akaiegemea.

"Nina nafasi ya mpiga mbizi," alisema mdogo wake. "Ukitaka."

Winchi akarudi ndani, akakaa kwenye kibao cha pembeni. Mchezoni walikuwa ziwani, juu ya mashua, wakitafuta taji la mfalme. Winchi akajifunga kamba kiunoni, Muuguzi akashika ncha ya pili.

"Naingia mnara wa nne kwa mlango wa jikoni," Winchi alisema haraka. "Naujua. Ngazi ziko kushoto."

"Zilikuwa kushoto," mdogo wake alisema. "Sakafu imeoza. Tupa dadu."

Akatupa. Mbili.

Sakafu ikamfungukia. Akatumbukia gizani, akahisi kitu kikimshika kifundo cha mguu, kitu laini na chenye nguvu. Aliuliza ni nini; mdogo wake akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu aibuni nchi ile, Winchi hakujua kilichomo ndani yake, na jasho la kweli likamtoka.

"Mashua inainama," mdogo wake akaendelea kusimulia, sasa akimgeukia Muuguzi. "Kinachomvuta kinawavuta na nyinyi. Kamba iko mkononi mwako."

"Kata, dada!" Kinyozi alipiga kelele. "Tutazama sote!"

Muuguzi alimtazama Winchi kwa muda mrefu, na Winchi hakuthubutu kuomba. Kisha Muuguzi akachukua dadu.

"Navuta."

Kumi na tisa. Kinyozi aliruka juu, akaangusha mkasi.

"Nisamehe, dada," Winchi alisema, na wote walijua hazungumzii kamba. "Mtoto aliitwaje?"

"Hakuwa na jina bado. Alikuwa anachagua." Muuguzi akafuta macho kwa kile kipande cha bitana. "Endeleeni, mimi nina zamu alfajiri."

Wakaendelea. Jua lilipoinama walifunga duka, na ndugu wawili wakashika njia ya nyumbani. Winchi alitembea kwa kasi, akampita mdogo wake, akasimama kumngoja, akampita tena.

"Kile kilichonishika kina mikono au mikia?" aliuliza.

"Kaka, niache."

"Nijibu hilo tu. Mikono?"

Mdogo wake akacheka, akaongeza mwendo, ikawa zamu ya Winchi kumkimbilia.